Jinsi ya kurudia gemu za kivinjari za utotoni na kuzipima upya kwa haki

Kuna gemu moja niliyoibeba kichwani kwa miaka mingi kama kipimo changu cha gemu nzuri. Inaitwa N, ilitoka mwaka 2004, na ndani yake kuna ninja mdogo mweusi anayekimbia, anayeteleza ukutani na kuokota dhahabu kabla muda haujamwishia. Nilipoamua kuirudia, nilikaa kwanza na karatasi nikaandika kila nilichokumbuka. Niliandika kwamba ninja ana upanga. Niliandika kwamba kuna maadui wa kuwakata. Nilipoifungua sikukuta upanga wala wa kukatwa: ninja wa N hana silaha yoyote, kazi yake ni kukwepa tu. Miaka yote ile nilikuwa naipenda gemu ambayo sehemu yake niliitunga mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila gemu ya zamani ninayoirudia naipitisha kwenye hatua zilezile. Bila hatua, mtu huishia kuisifu gemu kwa sababu tu ilikuwepo alipokuwa mtoto, au kuidharau kwa sababu skrini ya leo ni kubwa na michoro inaonekana duni. Vyote viwili havikuambii lolote kuhusu gemu yenyewe. Tenga jioni mbili kwa kila gemu, na usijaribu kuzipima tano kwa mpigo.

Hatua ya kwanza: andika unachokumbuka kabla ya kugusa kompyuta

Hatua hii wengi huiruka, nami ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ukishaiona gemu, picha mpya inaikalia ile ya zamani, na hutajua tena ulikuwa unakumbuka nini. Kwa hiyo usitafute picha wala video. Chukua karatasi ujibu: Vidole vyangu vilikuwa vinafanya nini? Nilikuwa nakwama wapi? Muziki wake ulikuwaje, naweza kuuimba? Nilifika mwisho kweli, au nadhani tu kwamba nilifika? Nani alikuwa amekaa pembeni yangu?

Swali la mwisho lina uzito wake. Gemu nyingi tulizicheza wawili watatu mbele ya skrini moja, mmoja ameshika kipanya, wengine wanampigia kelele aruke. Kelele zile ni sehemu kubwa ya furaha unayoikumbuka, lakini hazimo kwenye faili la gemu. Mimi huigawa karatasi safu mbili: kushoto naandika "gemu", kulia naandika "siku zile". Chochote ambacho kingekuwepo hata kama tungekuwa tunacheza gemu nyingine kinakwenda kulia. Zamu zilizogombaniwa, kulia. Hofu ya kukutwa unacheza, kulia. Ile hisia ya ninja kuambaa ukutani na kujirusha upande wa pili, kushoto.

Hatua ya pili: jua jina lake na aliyeitengeneza

Usiliamini sana jina unalolikumbuka. Tovuti za gemu zilikuwa zikichukua gemu zilezile na kuzisambaza, mara nyingine kwa jina tofauti na la mtengenezaji. Tafuta kwa kitendo. Nyani anayerusha vishale kwenye maputo ni Bloons ya Ninja Kiwi, ya mwaka 2007. Unachora mstari halafu mtu mdogo anateleza juu yake kwa sleji, kile kigari cha kutelezea kwenye theluji: hiyo ni Line Rider, ya mwaka 2006, kazi ya Boštjan Čadež kutoka Slovenia. Unachukua oda, unapanga viungo juu ya piza, unaioka na kuikata huku wateja wanangoja: Papa's Pizzeria ya Flipline Studios, mwaka 2007.

Ukishaipata, angalia ukurasa wake wa kwanza kwa makini. Nembo inayotangulia kwa mbwembwe mara nyingi si ya mtengenezaji. Ni ya tovuti iliyomlipa ili nembo yake na kiungo chake vikae ndani ya gemu, hivyo kila ilikonakiliwa gemu, wachezaji warudi kwake. Miniclip, Armor Games na Kongregate zilikuwa na nembo za aina hiyo. Jina la mtengenezaji huwa dogo, pembeni, au limefichwa kwenye ukurasa wa shukrani. Liandike. Litakusaidia kwenye hatua inayofuata, na ni haki yake.

Hatua ya tatu: ipate bila kuihatarisha kompyuta yako

Hapa inabidi tueleze kilichotokea, kwa sababu ukielewa ndipo utajua njia gani itafaa kwa gemu yako.

Nyingi ya gemu hizi zilitengenezwa kwa programu iitwayo Flash. Ilianza mwaka 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, ikachukuliwa na Macromedia, kisha Adobe ikainunua Macromedia mwaka 2005. Nguvu yake ilikuwa kwamba mtu mmoja, chumbani kwake, angeweza kuchora, kuweka sauti na kuandika maelekezo ya gemu nzima, vyote vikaingia kwenye faili moja dogo la aina ya SWF. Michoro ilihifadhiwa kama mistari na hesabu, si doti moja moja, na ndiyo maana gemu ilifunguka hata kwenye intaneti ya kusuasua. Lakini ili icheze, kivinjari kilihitaji programu ya nyongeza, Flash Player, na programu hiyo ilikuwa na mianya ya usalama isiyokwisha. Simu za iPhone hazikuikubali kamwe. Julai 2017 Adobe ilitangaza kuwa itaizika. Tarehe 31 Desemba 2020 iliacha kuihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikawa inakataa kuendesha chochote. Siku moja kazi za maelfu ya watu zikageuka mraba mtupu katikati ya ukurasa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usipakue Flash Player kutoka tovuti yoyote inayokuambia inayo "toleo linalofanya kazi". Wezi wa mtandaoni walilitumia jina la Flash kwa miaka mingi kusambazia virusi, na wewe hulihitaji tena. Njia zilizo salama ni hizi.

Anza na mtengenezaji mwenyewe. Wengi wamezitoa upya gemu zao. Jakub Dvorský, aliyeanzisha Amanita Design ya Jamhuri ya Cheki, alitengeneza Samorost mwaka 2003, na mwaka 2021 gemu hiyo ilitolewa tena bure ikiwa imesafishwa. Happy Wheels ya mwaka 2010 imehamishiwa kwenye teknolojia ya kisasa inayochezeka ndani ya kivinjari bila nyongeza. Ukipata toleo la namna hii, angalia kama limebadilishwa, uandike mabadiliko hayo, maana unachopima si kitu kilekile kabisa.

Njia ya pili ni Ruffle. Hii ni programu huria inayojifanya Flash Player: inalisoma faili la SWF na kulitekeleza ndani ya kivinjari, bila kuileta ile mianya ya zamani. Tovuti ya Newgrounds inaitumia, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilianza kuweka gemu na katuni za Flash zinazochezwa kwa Ruffle mnamo Novemba 2020. Unaweza pia kuisakinisha kama kiendelezi cha kivinjari, au kuitumia kama programu ya kompyuta ukiwa na faili lako mwenyewe. Jambo la kukumbuka: lugha ya maelekezo ya Flash ilibadilika sana mwaka 2006 ilipokuja ActionScript 3. Gemu za kabla ya hapo huwa zinakwenda vizuri kwenye Ruffle. Za baada ya hapo, zijaribu, lakini ukiona kitufe hakiitiki au sauti imepotea, usiilaumu gemu. Hiyo ni kasoro ya kuiga.

Njia ya tatu, ninayoitumia kwa gemu nzito, ni Flashpoint. Ni mradi wa watu wa kujitolea ulioanzishwa na mtu anayejiita BlueMaxima, nao umekusanya zaidi ya gemu na katuni 200,000, si za Flash peke yake bali pia za teknolojia nyingine za kuchezea gemu kwenye kivinjari, kama Shockwave, Java na Unity Web Player. Chukua toleo dogo, linalopakua kila gemu unapoichagua. Toleo kamili linazidi terabaiti moja. Flashpoint hufanya pia jambo moja la maana: gemu nyingi zilifungwa ili zicheze kwenye tovuti fulani tu, zikijikuta mahali pengine zinagoma. Flashpoint huiaminisha gemu kwamba iko nyumbani kwake.

Zimebaki gemu zilizoishi kwenye seva, yaani kompyuta za wenye gemu. Hizo haziokolewi kwa faili. Club Penguin, iliyofunguliwa Oktoba 2005, ilifungwa Machi 2017. FarmVille ya awali ilifungwa siku ileile Flash ilipokoma. Utakuta mashabiki wamejenga nakala zao. Ukiamua kuingia, fungua akaunti kwa nenosiri ambalo hulitumii popote pengine, na ujue kwamba unatembelea ujenzi wa mtu mwingine. RuneScape ni tofauti: mwaka 2013 watengenezaji wake walirudisha nakala ya gemu ilivyokuwa Agosti 2007, ikiitwa Old School RuneScape, na mpaka leo ina watu.

Hatua ya nne: rekebisha mwendo, ukubwa na vitufe

Hapa ndipo hukumu nyingi zinapoharibika kabla hata hazijaanza.

Gemu za Flash zilifungamanishwa na fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini. Mtengenezaji alichagua, tuseme, fremu 30 kwa sekunde, na kila fremu risasi ikasogea hatua moja. Kama kompyuta mliyochezea ilikuwa imechoka na inamudu fremu 18 tu, gemu haikuruka fremu, ilipunguza mwendo wa dunia nzima. Sekunde moja ya gemu ikawa karibu sekunde 1.7 za ukweli. Adui alikuja polepole, shimo lilisogea polepole, na wewe ulikuwa na muda wa kufikiri. Leo gemu hiyohiyo inakwenda kwa mwendo aliokusudia mtengenezaji, na unahisi vidole vyako vimezeeka. Inawezekana havijazeeka. Inawezekana hujawahi kuicheza kwa mwendo wake halisi hata siku moja.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Kama gemu ina saa yake ya ndani, iweke sambamba na saa ya simu kwa dakika moja. Zikilingana, sawa. Saa ya gemu ikichelewa, kompyuta au programu ya kuiga imelemewa: funga kurasa nyingine, punguza ubora wa michoro kwenye menyu, au hamia Flashpoint. Ikilingana lakini gemu inaonekana kasi kuliko unavyokumbuka, umepata jibu la kuandika kwenye safu ya kulia.

Kuhusu ukubwa: uwanja wa kawaida wa Flash ulikuwa pikseli 550 kwa 400. Kwenye skrini ya leo hiyo ni kadi ndogo. Ikuze mpaka ifanane na sehemu ya skrini iliyokuwa ikichukua zamani, basi. Ukiikuza hadi ukutani, mistari itabaki safi lakini picha zilizobandikwa ndani yake zitavurugika, nawe utamlaumu mchoraji bure.

Kuhusu vitufe: tumia kicharazio (kibodi) halisi, si vitufe vya kuchorwa kwenye skrini ya simu. Kwa gemu za wawili, kama Fireboy and Watergirl ya mwaka 2009, ambapo mmoja anatumia mishale na mwingine herufi A, W na D, jaribu kwanza kubonyeza vitufe vitatu vinne kwa pamoja. Vicharazio vingi vya bei nafuu haviwezi kusoma baadhi ya vitufe vikibonyezwa pamoja, na ugomvi mwingi wa "nilibonyeza mimi!" wa zamani ulikuwa wa kweli. Alibonyeza. Kicharazio ndicho hakikusikia.

Kama kompyuta ya zamani bado iko mahali, usiitupe kabla hujatafuta ndani yake mafaili ya aina ya .sol. Humo ndimo Flash ilimohifadhi maendeleo yako.

Hatua ya tano: jioni ya kwanza, iache kumbukumbu ijishibe

Cheza dakika ishirini au thelathini. Usipime chochote. Muziki ukikutoa machozi, na ukutoe. Kumbukumbu ni kama mgeni aliyetoka mbali: ukimkatiza hataondoka, atabaki mlangoni akirudia habari yake. Mwache amalize. Wakati unacheza andika mambo mawili tu kwa kalamu: saa uliyotabasamu, na saa ya kwanza uliyonyoosha mkono kuchukua simu bila sababu. Baada ya hapo funga. Kaa siku mbili tatu.

Linganisha karatasi yako ya mwanzo na ulichokiona. Futa yasiyokuwepo, ila yaache yasomeke. Upanga wangu wa N bado upo kwenye karatasi, umepigwa mstari mmoja katikati. Yale uliyoyaongeza mwenyewe yanaeleza kitu pia: mara nyingi mtoto hujazia pale gemu ilipomwachia nafasi, na gemu isiyoacha nafasi haijaziwi.

Hatua ya sita: jioni ya pili, pima

Sasa unakaa kama fundi. Nina mambo matano ninayoyatazama, lakini mawili ya kwanza ndiyo yanayoamua kesi nyingi.

La kwanza ni mkono. Acha kushindana, chukua mhusika umtembeze tu. Mrushe mara ishirini mahali pasipo na hatari. Je, unapobonyeza kitu kinatokea papo hapo? Ukiachia kitufe mapema, mruko unakuwa mfupi? Ninja wa N ana uzito: akikimbia anakusanya kasi, akitua vibaya kutoka juu sana anakufa, akishuka kwenye mteremko kasi yake haipotei bali inageuzwa. Nilikaa dakika kumi kwenye chumba kimoja nikimpandisha ukuta na kumshusha, bila kuokota hata dhahabu moja, na kila mara nilijifunza kitu kidogo. Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta. Gemu ambayo kutembea peke yake kunafurahisha, imeshapita nusu ya mtihani. Halafu chukua QWOP ya Bennett Foddy, ya mwaka 2008: Q na W zinasogeza mapaja, O na P zinasogeza mashavu ya miguu, na kazi yako ni kukimbia mita 100. Mkono hapo hautii, na kutotii huko kumekusudiwa. Swali basi si kama mhusika anatii, bali kama mkono wako unaweza kujifunza. Kwenye QWOP unaweza. Hatua ya tano ya mkimbiaji inakuwa bora kuliko ya kwanza, na unajua kwa nini.

La pili ni kushindwa. Jiue kwa makusudi mara kumi na uhesabu sekunde kati ya kufa na kurudi mchezoni. Kwenye N unabonyeza kitufe na uko mwanzoni mwa chumba papo hapo. Kwenye gemu nyingine unasubiri maandishi yashuke, unabonyeza "endelea", unarudi kwenye ramani, unachagua tena. Utotoni hukuliona hilo kwa sababu muda ulikuwa mwingi. Leo linaonekana, na ni haki kulihesabu, kwa sababu linaonyesha kama mtengenezaji alimfikiria mtu anayejaribu kwa mara ya thelathini.

La tatu: nani alikuwa anakuwa bora, wewe au namba? Kuna aina nzima ya gemu za kurusha kitu mbali, kama Learn to Fly ya mwaka 2009, ambamo pengwini anarushwa, anapata pesa, ananunua vifaa, anakwenda mbali zaidi. Kipimo changu ni hiki. Imalize, kisha anza upya na urushe mara moja bila kununua kitu. Linganisha umbali huo na wa siku yako ya kwanza. Ukikuta umekwenda mbali zaidi kwa mkono mtupu, gemu ilikufundisha. Ukikuta ni palepale, basi kilichokua ni namba tu, na furaha yako ilikuwa ya kuona mshale unapanda. Si dhambi, ila iandike kwa jina lake.

La nne ni umri wa wazo. Canabalt ya Adam Saltsman ilitoka mwaka 2009 ikiwa na kitufe kimoja: mtu anakimbia mwenyewe juu ya mapaa, wewe unaruka tu. Baada yake zimekuja gemu za simu zisizohesabika za kukimbia bila kikomo, na mtu anayeifungua leo anaweza kusema "hii nimeshaiona". Ameona walioiiga. Crush the Castle ilikuwa inaangusha majengo kwa kombeo kubwa miezi kadhaa kabla Angry Birds haijatoka Desemba 2009. Kwa hiyo usiulize kama wazo ni jipya. Uliza kama kuna kitu gemu hii inafanya ambacho warithi wake waliacha. Kwenye Canabalt kuna viboksi vidogo juu ya mapaa. Ukivigonga unapunguzwa kasi, na mara nyingine kupunguzwa kasi ndiko kunakokuokoa, kwa sababu kasi ikizidi huwezi tena kuona unakoruka. Mchezaji mzoefu huvigonga makusudi.

La tano ni yale ambayo gemu inayasema juu ya watu. Newgrounds na tovuti za rika lake zilikuwa huru kweli, na uhuru huo ulizaa vitu vizuri pamoja na matusi. Utakutana na gemu ambamo taifa fulani ni kichekesho, au mwanamke ni zawadi ya mshindi. Ukiwa mtoto ulilipita bila kuliona. Usilipite sasa. Gemu inaweza kuwa na mruko mzuri na bado usitake kumpa mdogo wako aicheze, na hukumu yako iyaseme yote mawili.

Neno kuhusu gemu za kufumbua na kutoroka chumbani, kama Crimson Room ya Toshimitsu Takagi ya mwaka 2004. Kwenye Flash ya zamani, ukibonyeza Tab, mraba wa njano ulizunguka kila kitu kinachobonyezeka, hata kilichofichwa. Kama ndivyo mlivyozimaliza, hukuwahi kulifumbua fumbo, na una bahati: bado linakusubiri. Kama ulilifumbua kwa akili, huwezi kulipima tena kwa sababu jibu unalijua. Hapo nenda moja kwa moja hatua inayofuata.

Usihesabu vitu ambavyo havikuwa vya mtengenezaji: mstari wa kupakia, nembo za wafadhili, kitufe cha gemu zaidi, muziki wa sekunde chache unaojirudia kwa sababu faili lilipaswa kuwa dogo. Hayo yalikuwa kodi ya nyumba.

Hatua ya saba: mpe mtu asiye na kumbukumbu nayo

Tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona, na usimwambie kuwa unaipenda. Ukimwambia, atakuwa na adabu. Mkalishe, kaa nyuma yake, funga mdomo. Usimwonyeshe kitufe. Tazama alivyoshika kicharazio, na angalia anaposema "ngoja, mara moja tu tena". Akisema hivyo mara tatu bila kuulizwa, hilo ni ushahidi mzito kuliko kurasa zako zote. Akiacha, muulize swali moja: ulidhani unatakiwa kufanya nini? Gemu nyingi za zamani huangukia hapo, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu sisi tulifundishwa na mwenzetu aliyekaa pembeni, na gemu haikuwahi kufundisha.

Hatua ya nane: andika hukumu

Ninatumia hukumu tatu. "Imesimama": ningempa mtu leo bila kumweleza chochote. "Imesimama kwa mkongojo": nzuri, ila inahitaji maelezo ya zama zake, au mwenzako pembeni. "Ya siku zile": karibu kila kilichoifanya nzuri kiko safu ya kulia. Hukumu ya tatu si ya aibu, na huwa naiandika polepole kuliko zote, kwa sababu hapo naandika habari za watu.

Chini ya hukumu weka jina la gemu, mwaka, mtengenezaji, njia uliyoichezea na toleo la programu, ili ukirudi baada ya miaka ujue ulipima kitu gani. Kama mtengenezaji bado anafanya kazi, nunua kitu chake. Metanet, wawili walioitengeneza N, waliendelea nayo mpaka N++ ya mwaka 2015, na Ninja Kiwi bado wanatoa gemu za wale nyani wao. Kama ameacha, mwandikie kama anwani yake iko wazi, umtajie chumba au ngazi unayoikumbuka, si "asante kwa utoto wangu" tu.

Karatasi yangu ya N ina maneno "imesimama" juu, na chini yake majina mawili ya watu waliokuwa wakinipigia kelele. Fireboy and Watergirl niliipa mkongojo: nilijaribu kuicheza peke yangu, mkono wa kushoto kwa maji na wa kulia kwa moto, nikafika chumba cha nne, nikaifunga. Inangoja mtu wa pili. Nimeshampigia simu, na amesema atakuja na kicharazio chake.